Mgeni wa Podikasti Hapewi Maji

"Gauni langu si ukuta!"

"Dada, nakuomba, sema polepole..."

"Nimesema si ukuta! Nilikuletea kitambaa ushone, sikukuletea tofali ujengee!"

Nesi alikuwa amesimama mlangoni kwa Fundi, mguu mmoja ndani na mmoja koridoni, mkono kiunoni. Fundi naye alikuwa ameuziba mlango kwa mwili wake wote, na mwili alikuwa nao, kidole mdomoni, akinong'ona kama mtu aliyetoka kumlaza mtoto mkorofi. Nyuma yake, juu ya meza ya kukatia, taa nyekundu ya maiki ilikuwa inawaka.

"Dakika tano tu," Fundi akabembeleza. "Nikilitoa sasa hivi, mwangwi unarudi. Gauni lako ndilo linaloshika sauti yote ya ile kona. Zito, lina bitana, limekaa vizuri. Hata sijui kabla yako nilikuwa naishije."

"Jumamosi naagwa kazini," Nesi akasema, na hakupunguza hata chembe. "Miaka thelathini na miwili nimevaa nyeupe. Jumamosi ndiyo mara ya kwanza watu wa kazini wanione nimevaa rangi. Leo Alhamisi. Gauni unalo wewe. Sasa niambie, mwenzangu, nivae mwangwi?"

Chumba cha pili mashine ya kunyolea ikanyamaza. Kinyozi alikuwa na desturi ya kuizima kila ugomvi wa majirani ulipofika penye utamu.

"Mpe mtu nguo yake, Redio!" akapaza sauti kutoka huko huko. "Na suruali yangu mimi umeijengea wapi?"

"Yako iko dirishani," Fundi akajibu kabla hajajizuia. "Inazuia pikipiki."

Nesi hakungoja zaidi. Akapita chini ya mkono wa Fundi, kwa wepesi wa mtu aliyezoea kupenya katikati ya vitanda vya wagonjwa, akaingia ndani. Pale alisimama kidogo, maana hata hasira ina haki ya kushangaa. Kuta zote nne zilikuwa zimevaa. Makoti, sketi, mashati, pazia la harusi ya mtu, sare za shule nzima, zote zimening'inizwa bega kwa bega mpaka chumba kikawa kama foleni ya watu wasio na vichwa. Akaliona gauni lake konani, rangi ya zambarau, akalivuta. Pini zikamwagika sakafuni kama mvua.

"Pindo halijashonwa!" Fundi akapiga kelele, akasahau maiki.

"Nitalishona mwenyewe. Nimeshona watu mimi, nitashindwa na kitambaa?"

Mlangoni akageuka. "Na yale maji yangu ya siku ile, bado nayangoja."

Akavuka koridoni hatua tatu, akaingia kwake, mlango ukafungwa. Haukubamizwa. Ungebamizwa Fundi angepumua, maana mlango wa kubamizwa hufunguliwa kesho yake. Huu ulifungwa taratibu, na kitasa kikazungushwa mara mbili.

Ili uyaelewe hayo maji, inabidi turudi nyuma kidogo.

Fundi alikuwa na cherehani moja, mkasi mmoja aliokataza usikatiwe karatasi, na benchi moja refu lililotengenezwa kwa watu watano likazoea kubeba wanane. Benchi hilo ndilo lililokuwa utajiri wake. Kuanzia asubuhi lilijaa: aliyeleta suruali ipunguzwe, aliyekuja kuuliza kama ya jana iko tayari, aliyejua fika kwamba haiko tayari lakini akaja. Kuna mama mmoja aliyekuwa akileta kifungo kile kile kila wiki. Nani kaolewa, nani kahama, nani amesema nini na kwa nini asingesema, yote yalipita pale, na Fundi aliitwa Redio, redio isiyokula betri. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Nesi alikuwa na mahali pake mwisho wa benchi, karibu na cherehani. Miaka kumi na tisa. Akitoka zamu huvua viatu, hunyoosha miguu, husema, "Leo nimechoka, usiniulize," kisha husimulia bila kuulizwa.

Sasa siku moja binti wa kaka yake Fundi, anayefanya kazi mapokezi kwenye ofisi moja yenye viyoyozi, alipita kuchukua sketi. Akasikiliza benchi nusu saa, akacheka mpaka machozi, akasema, "Shangazi, maneno haya yote yanapotea bure. Kwa nini usianzishe podikasti?"

"Hiyo ni nini?"

"Ni kama redio, ila wewe unasema unachotaka, na watu wanasikiliza wanapotaka."

Fundi alisikia nusu ya kwanza ya sentensi hiyo. Ile nusu ya "wanapotaka" ilipita juu ya kichwa chake kama ndege.

Akajiuliza: podikasti ni nini zaidi ya mdomo? Na mdomo ninao. Tangu nizaliwe sijawahi kukosa la kusema, hata pale nilipotakiwa nikose. Akaagiza maiki yenye taa, akaagiza hedifoni kubwa za kufunika masikio mpaka shavuni, akatunga na jina: Sauti ya Sindano, podikasti inayopenya. Jina hilo lilimfurahisha kiasi kwamba alikaa siku mbili akilitamka mbele ya kioo na hakufanya kingine.

Siku ya kuanza alifunga mlango, akawasha, akasema, "Hamjambo?"

Akangoja waitikie.

Kimya. Alingoja kwa muda wa mtu mwenye adabu, kisha kidogo zaidi, ndipo akakumbuka hakuna mtu. Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, ulimi wake ukakauka kama wa mkwe mbele ya wakwe. Yule Redio asiyekula betri alikodolea macho taa nyekundu, jasho likamtoka, akasema hali ya hewa ni nzuri, akazima.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Fundi akaamua kwamba kosa ni chumba.

Alikuwa amesikia kwamba studio za kweli huwa na kuta laini, kwa sababu ukuta mtupu hurudisha sauti. Akazungusha macho chumbani, akaona nguo za watu. Fundi kusema "njoo kesho" si jambo geni duniani, mafundi wote wamelirithi, lakini huyu sasa alikuwa na sababu ya kitaalamu. Kila nguo iliyokamilika alikuta imefika tu mahali pake panapofaa ukutani. Akiitoa moja, sauti inaharibika. Basi, njoo kesho.

Halafu feni, ilikuwa inanguruma, ikazimwa. Dirisha lilileta pikipiki, likafungwa. Na mwisho benchi, ambalo lilikuwa likilia kila mtu alipohamisha uzito. Akaliburuta mwenyewe, akaliweka koridoni. Watu wakaja wakalikalia huko huko siku mbili tatu, lakini kila walipocheka mlango ulifunguka kidogo na kidole kikatokeza: shhh. Mama wa kifungo akakishona mwenyewe. Wengine wakaogopa kurekodiwa. Koridoni likabaki benchi, na paka.

Fundi hakuona. Alikuwa anangoja umaarufu, na anayengoja umaarufu hutazama barabarani, hatazami koridoni.

Binti wa kaka yake alipomuona anahangaika akampa ushauri mmoja, na ushauri wenyewe ulikuwa mzuri: "Shangazi, usiongee peke yako. Leta mgeni."

Mgeni! Fundi akamwalika Nesi.

Na Nesi, masikini, alialikwa kuwa mgeni, akaja kama mgeni. Alivaa vizuri. Alikula kidogo mchana ili asimwaibishe mwenyeji jioni. Alishika pakiti ya biskuti mkononi, kwa kuwa mtu haendi mikono mitupu. Fundi akampokea, akaipokea ile pakiti, akaisikia inavyochakarisha, akaenda kuiweka koridoni.

Wakakaa katikati ya nguo arobaini, dirisha limefungwa, feni imezimwa. Nesi akaomba maji. Fundi akatikisa kichwa, akanong'ona, "Glasi inagonga meza, inasikika." Nesi akadhani ni utani. Fundi akawasha taa, akavuta pumzi, akatoa sauti nzito ya kuazima ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Karibuni. Katika. Sauti ya Sindano."

Nesi akashika kifua. "Nani kafa?"

Wakaanza tena. Nesi akasimulia habari ya mtoto aliyemzalisha ndani ya lifti iliyokwama, habari iliyokuwa imechekesha benchi miaka kumi. Katikati ikapita pikipiki. "Tuanze tena," akasema Fundi. Kinyozi akapiga chafya. "Tuanze tena." Mara ya kwanza mtoto yule alizaliwa kwa dakika kumi, na mafundi wa lifti, na mzee wa ghorofa ya nne aliyekuwa akisali kwa sauti. Mara ya pili mzee hakuwepo. Mara ya tatu mafundi waliondoka. Mara ya tano mtoto alizaliwa kwa sentensi moja, bila hata mama yake kutajwa.

Saa mbili nzima. Nesi alitoka na midomo imekauka, akaichukua pakiti yake ya biskuti juu ya benchi, akaenda kwake. Kesho yake jengo zima lilikuwa na habari. Kinyozi aliisambaza kwa kila kichwa alichokishika.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikuwa akisema. "Huyu wetu siku ya kwanza kampa maiki, na maji kamnyima."

Siku kumi na moja zikapita, Nesi hakukanyaga kwa Fundi. Fundi akajiambia ni zamu. Kisha akapokea takwimu za kile kipindi, akasahau hata kujiambia.

"Thelathini na moja!" alimpigia binti wa kaka yake. "Kimesikilizwa mara thelathini na moja! Mimi benchi langu lilikuwa linabeba wanane!"

Upande wa pili binti akashusha sauti kwa huruma. "Shangazi, ishirini na sita zimetoka kwenye simu yako."

"Nilikuwa nakagua."

"Mbili ni zangu. Moja ya Kinyozi, ameniambia mwenyewe, alikuwa anatafuta muziki akabonyeza vibaya."

"Na mbili zilizobaki?"

"Hizo sijui ni za nani."

Fundi akashusha pumzi. Wawili wasiojulikana! Hao ndio wa nje, hao ndio wasikilizaji wa kweli. Akaanza kuwafikiria kila siku. Aliwapa sura, kazi, mpaka mmoja akampa ndevu. Ilikuwa ni kwa ajili ya hao wawili kwamba Alhamisi ile alikataa kulitoa gauni la zambarau kwenye kona.

Sasa alikuwa amebaki peke yake chumbani, ukuta una pengo la umbo la Nesi, pini zimejaa sakafuni, na taa nyekundu bado inawaka. Ugomvi wote ulikuwa umeingia.

Akasema ataukata. Akavaa hedifoni ili ajue akate wapi.

Alisikia, "Miaka thelathini na miwili nimevaa nyeupe." Na alisikia sauti ya mwanamke mwingine, mnong'ono wa kukera kabisa, ikisema gauni limekaa vizuri, zito, lina bitana. Fundi akajikuta anamchukia yule mwanamke. Hivi huyu hana jirani? Mtu anamwambia anaagwa kazini, yeye anamjibu bitana!

Akarudi kwenye kile kipindi cha mgeni. Mara ishirini na sita alikuwa amekisikiliza, na zote ishirini na sita alikuwa anakagua sauti yake: hapa nimetamka vizuri, hapa nimekohoa. Mara hii, kwa kuwa alikuwa amejichoka, akamsikiliza mgeni. Na karibu na mwisho, baada ya yule mtoto kuzaliwa mara ya tano, Nesi akasema kitu kwa sauti ndogo ambacho hakuulizwa.

"Ila Fundi, naogopa. Jumatatu ya kwanza nikishaagwa, sijui nitaamka niende wapi."

Kisha ile sauti ya kuazima: "Kabisa! Na wewe msikilizaji, usisahau kujiunga na Sauti ya Sindano, podikasti inayo..."

Fundi akavua hedifoni. Akakaa. Nje hakukuwa na mtu wa kucheka, wala wa kuambiwa shhh. Alikuwa ameupata ule utulivu wa studio alioutafuta miezi miwili, na ulikuwa mbaya sana.

Akainama, akaanza kuokota pini, moja moja, na kwa mazoea ya miaka akazibana midomoni. Akachukua sindano, uzi wa zambarau, chaki, futi kamba shingoni. Maiki akaiacha pale pale. Akavuka hatua tatu.

"Hodi."

"Nani?"

Fundi akazitoa pini kwanza. "Mgeni."

Ndani kitasa kikazungushwa mara moja. Kisha: "Wa podikasti au wa kawaida?"

"Wa kawaida. Nimekuja na sindano. Nimekuja kwa ajili ya pindo."

Mlango ukafunguka kiasi cha jicho moja. Jicho likamkagua juu mpaka chini, likatafuta waya. Halikuona.

"Ndani huingii," Nesi akasema. "Utashona hapo hapo koridoni."

"Koridoni ni pazuri. Kuna hewa."

Nesi akaingia, akarudi amevaa gauni, upande mmoja mrefu upande mmoja mfupi, akalipanda benchi. Benchi likalia kwa furaha ya kuguswa. Likataka kupinduka, na Kinyozi, aliyekuwa amekwisha kuzima mashine kitambo, akatoka mbio kulikalia upande wa pili. Nyuma yake akatoka mteja wake, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akauliza, "Nini tena?"

"Kaa uongeze uzito," Kinyozi akamwambia.

Fundi akapiga magoti. Akazirudisha pini midomoni, sita kwa hesabu, akaanza kuzunguka pindo. Na mtu mwenye pini sita mdomoni, awe Redio awe nani, hana la kusema.

Nesi akangoja akatizwe. Hakukatizwa. Akasema, kwa tahadhari, "Wamenitaka nitoe hotuba."

"Mmh?" akasema Fundi.

"Nimeandika kurasa nne. Nikizisoma nalia ukurasa wa kwanza."

"Mmm."

"Si kwamba naipenda sana kazi, unajua. Miguu imeniisha. Ni ile asubuhi. Nikiamka saa kumi na moja bila sababu, nitamfanyia nani chai ya haraka haraka?"

Fundi akasukuma pini moja kitambaani, akamtazama juu, akaitikia kwa kichwa taratibu. Nesi akaendelea. Habari ya lifti ikarudi yenyewe, na safari hii mafundi wakarudi, mzee wa ghorofa ya nne akarudi na sala zake, na mtoto akazaliwa kwa dakika kumi na tano maana mteja wa Kinyozi alikuwa hajawahi kuisikia na alikuwa anauliza maswali. Mlango wa juu ukafunguka. Mama wa kifungo akateremka ngazi na kifungo mkononi, akajipenyeza benchini. Pikipiki zikapita, tatu, na hakuna aliyesema tuanze tena.

"Jamani," Kinyozi akasema, akimtazama Fundi pale chini, "mmeona? Redio imezima na umeme upo."

"Hujui tu," Nesi akamjibu. "Kwani sisi tulikuwa tunajaa kwake kumsikiliza yeye? Tulikuwa tunangoja aweke pini mdomoni, ndipo tuseme yetu!"

Benchi lote likacheka, Fundi akacheka nalo, mpaka nusura ameze chuma. Miaka yote hiyo alidhani yeye ndiye kipindi. Kumbe alikuwa ndiye maiki!

"Na usicheke sana," Nesi akasema kutoka juu. "Kile kipindi chako nilikisikiliza. Mara mbili. Nilitaka kuona kama kuna mahali uliniachia nikamaliza sentensi. Sikupaona."

Fundi akaganda, mkono na sindano hewani. Mara mbili. Wale wawili wa nje! Akamtazama jirani yake wa hatua tatu, akazitafuta zile ndevu alizompa, akaona aibu peke yake, aibu tamu yenye kucheka ndani yake.

Akashona. Mshono mdogo mdogo, wa kufichika, ule anaowashonea maharusi tu. Alipofika mwisho akakata uzi, akalivuta pindo, akarudi nyuma kidogo kulitazama. Lilikuwa limelala sawa kama maji kwenye beseni. Nesi akashuka, akazunguka mara moja koridoni, na yule mteja wa nusu kichwa akapiga makofi.

Fundi akabaki amepiga magoti, pini mbili zimesalia midomoni, hajui kama anaruhusiwa kusimama. Kutoka kwa Nesi harufu ya kitunguu kilichokaangwa ilikuwa inatoka muda wote huo, na yeye tangu asubuhi alikuwa hajala chochote zaidi ya umaarufu.

Nesi akaufungua mlango wake wote, mpaka ukagonga ukuta.

"Zitoe hizo pini, mgeni, huwezi kula nazo," akasema. "Ingia ndani, chakula kinapoa. Maji yako nimeshayamimina."